Kigoda cha Venant

Korogwe, 9 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imechanwa na mkonge. Magoti yako je?

Mama, sijasahau. Nilipoishiwa pumzi tukishindana katika ngoma ya majembe, Venant aliniletea kigoda, akanikalisha mbele ya umati, akacheza akinizunguka: "Pumzika, babu!" Watu wakanihama wote, na kwetu anayehamwa na watu ndiye ameshindwa. Juni, tukishindana tena, namkalisha yeye kwenye kigoda hicho hicho. Mwenzangu wa kambini amenifundisha kupumua: navuta kwa pua, natoa polepole, kila jioni mkekani. Moyo unatulia kabisa.

Mwanao, Ngosha

Bujora, 2 Machi

Marahaba mwanangu. Magoti yananisumbua kwenye mawe tu.

Nikuulize: unajifunza kucheza au kulala? Mkekani moyo wa nani hautulii? Venant kila siku anapita hapa anapandisha kilima mbio. Juzi kaniambia, "Mama Ngosha, kigoda nimekipaka rangi." Nikammwagia maji ya dagaa. Kimbia, baba.

Mama yako

Korogwe, 6 Aprili

Mama, shikamoo. Pole na magoti.

Ulisema kweli. Nilipanda kilima na jembe begani, nikatapika. Kwa hasira nikapanda mbio kila siku, mpaka mkonge ukanishinda na nyapara akanifokea. Sihaba, muuguzi wa zahanati, akanicheka: "Kupumua kunautuliza moyo. Nguvu unaipata kwa kuufanyisha kazi, kisha kuupumzisha."

Sasa mbio kali ni Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nakimbia taratibu, huku namtukana Venant kwa sauti. Nikishindwa kumaliza tusi, najua nimezidisha. Pumzi za pua nazifanya nikishuka, mapigo yatulie. Kilima kile sasa nakimaliza nikiimba.

Mwanao, Ngosha

Bujora, 11 Mei

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo.

Venant kaanguka kilimani. Alikuwa anakimbia kufa na kupona kila siku, hapumziki. Daktari kakuta mapigo yanakwenda mbio hata akiwa amelala, kamkataza mazoezi kwanza. Jana kaja, mpole kama mkwe, anauliza wewe unafanyaje. Nimemwambia asubiri barua. Mimi ningenyamaza.

Mama yako

Korogwe, 18 Mei

Mama, shikamoo. Nafurahi hujambo.

Usinyamaze. Msomee barua yangu ya Aprili yote, na matusi usiyaruke. Apumzike mpaka daktari amruhusu, kisha aanze kwa kutembea. Sitaki kumshinda mgonjwa. Watu watasema nimeonewa huruma. Namtaka mzima, kifua kimemjaa, majigambo yote yamerudi, ndipo nimkalishe. Kama Juni hataweza, nitamkimbiza mwenyewe taratibu mpaka mwakani.

Nashuka stendi ya Nyegezi Jumamosi, tarehe 7 Juni. Mwambie aje kunipokea, na kigoda akibebe yeye.

Mwanao, Ngosha