Jumamosi Niliyoanza na Matendo ya Uchungu

Mpenzi Mama Adela,

Heri ya mwaka mpya. Najua huko uliko hamhesabu miaka, lakini sie wa Manzese tunahesabu, tena kwa kelele. Nakuandikia hadharani kwa sababu mwaka huu nina la kutangaza, na unavyomjua mumeo, kunong'ona hakuwezi.

Tangu tulipokuzika nilikuwa nasali rozari kila jioni, usidhani niliacha. Ila nilisali matendo ya uchungu tu. Jumatatu uchungu, Jumatano uchungu, hata Pasaka uchungu. Jasho la damu, mijeledi, miiba, msalaba. Niliona hayo ndiyo yananifaa. Binti yetu Adela akaniambia, "Baba, rozari ina matendo mengine jamani." Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo mengine ni ya wenye wake zao. Mtoto akaenda kuosha vyombo.

Na nilikuwa nimeshaamua. Krismasi ikipita nauza mashine zangu za useremala, nafunga karakana, narudi kwetu Mbinga kukaa. Kukaa tu, ningoje siku yangu. Mnunuzi nilishampata, jamaa wa Gongo la Mboto. Siku ya mwaka mpya, sherehe ya Maria Mama wa Mungu, nikaenda misani. Nje ya kanisa watu wananishika mkono, "Heri ya mwaka mpya, fundi!" Mie naitikia, "Asante, asante," utadhani napewa pole.

Jumamosi iliyofuata, zamu ya jumuiya kusali nyumbani ikaangukia kwetu. Unakumbuka Jumamosi za zamu yetu? Unafagia kabla hakujapambazuka, unatandika kitambaa cheupe mezani, unaweka sanamu ya Bikira Maria, halafu unanipigia kelele chumbani: "We baba, Mama wa Mungu ameshafika na wewe bado uko na msuli!" Safari hii kitambaa alitandika Adela. Mama Koku, katibu wetu, yule mwenye sauti ya sokoni, akasema mwenye nyumba ndiye aongoze rozari. Haya. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza: "Matendo ya uchungu. Tendo la kwanza..."

"We Baba Adela!" Mama Koku akadakia. "Leo Jumamosi, bwana! Ni furaha! Mateso tumeyala mwaka mzima, hata leo usituonee huruma?"

Walicheka, Mama Adela. Walicheka mbele ya sanamu, rozari mkononi. Damu ikanichemka, nusura niwatimue wote. Nikafungua kinywa kutaja hayo ya furaha, sikuyakumbuka! Mie niliyebatizwa nikiwa mchanga, niliyefunga ndoa na wewe mbele ya altare. Adela akasogea karibu, akawa ananitajia moja moja sikioni.

Tulipofika tendo la pili, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti, nikafumba macho. Nilikuona wewe. Kanga begani, sukari kwenye mfuko, unatoka kwenda kumwona mgonjwa ambaye hata ukoo hatuhusiani. Mie nalalamika, "Nyumba yako ni hii au ile?" Nawe unajibu ukiwa umeshafika mlangoni, "Dini ya kukaa sebuleni mie siiwezi." Nililia pale pale. Salamu Maria zote kumi niliziongoza nikilia, na hakuna aliyenipokonya uongozi wa sala. Kila nilipokwama walinisubiri.

Tulipomaliza, Mama Koku akasema kuna mzee amehamia kwa binti yake mtaa wa nyuma, Mzee Kristofa, miguu imepooza na hana wa kusali naye. Nani atakwenda? Watu wakaangalia sakafu. Nikasikia mtu anasema, "Nitakwenda mie." Kumbe ni mie!

Nilimkuta amelala kwenye kitanda kilichovunjika chaga, upande mmoja umeshikiliwa na matofali. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia. Lakini mkono wa fundi hautulii. Nikatoa futi kamba mfukoni, nikaanza kupima kitanda. Mzee akanikodolea macho.

"Fundi, jumuiya imekutuma kunisalimia au kunipimia jeneza?"

Ala! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kulikoni. Tangu uondoke sikuwahi kucheka hivyo. Kisha tukasali matendo ya furaha, yote matano, nikiyataja mwenyewe bila kusaidiwa. Jumatatu nikampelekea chaga mpya na ubao imara wa kuegemea. Akaketi, akaona uani kupitia dirishani, kuku, nguo kwenye kamba, akamwita binti yake aje aone baba yake amekaa.

Yule jamaa wa Gongo la Mboto alipofika na gari la kubebea mashine, nilimwambia, "Haziuzwi. Zina kazi." Alifoka, na haki yake. Adela alikuwa mlangoni, akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. Sasa kila Jumamosi jumuiya ikiisha nabeba msumeno, naenda ninakoitwa: hapa kitanda, pale mlango, na rozari baada ya kazi. Mama Koku ananiita Mtakatifu Yosefu wa Manzese. Nimemwambia Yosefu alikuwa mpole, atafute jina lingine.

Nilikuwa naogopa, mke wangu. Niliona nikifurahi nitakuwa nimekuacha kaburini na kuendelea na mambo yangu. Lakini nikikaa sebuleni na uchungu wangu sikuwa nakuona hata kidogo, naona kiti chako tu. Nikiingia kwa wagonjwa nakuona, tena umenitangulia.

Basi natangaza, na majirani wasome: nina furaha! Mbinga nitakwenda kusalimia, nirudi. Raha ya milele Bwana akupe, na mie huku aniongezee mbao.

Mumeo,
Baba Adela