Ndiva Yetu Haina Makala

Maktaba ya Chuo, Dar es Salaam

Kaka Senzia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mhezi, na mgongo wa mama umempa nafasi ya kupumua. Mimi mwili mzima, moyo ndio sina. Joto la huku linamkaanga mtu bila mafuta, lakini nduguyo nimezoea, hata wauza kahawa wananiita Profesa.

Nilikuandikia kwamba ile karatasi waliyokuja nayo mabwana wa wilaya, inayosema ndiva yetu, bwawa walilochimba babu zetu, inapoteza maji na heri tushuke kijiji kipya cha tambarare, nitaivunja kama muwa. Nani mwingine toka Mhezi anafagia maktaba yenye vitabu vingi kuliko mawe ya mlima wetu Shengena?

Basi nimeipata makala yenyewe ambayo karatasi ile inaitegemea. Aliyenisomea ni Bi Salome, karani wa majarida, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu.

"Elisaria," akaniambia, "unajua makala haziko aina moja?"

"Makala ni makala, dada. Si imepigwa chapa?"

"Haya, kaa chini. Iko ya mtu aliyekwenda, akapima, akaandika alichokiona. Iko ya mtu aliyekusanya walivyoandika wenzake. Na iko ya maoni, mtu kakaa kitini anasema anavyofikiri."

"Na hii ya kwetu?"

Akafunua, akaguna. "Maoni. Huyu bwana hata Same hajafika."

Kaka, nilirusha ufagio! Nikaimba wimbo wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, palepale kama niko na wenzangu nachimba mfereji. Wanafunzi wakanitazama kama mbuzi kaingia kanisani.

"Usishangilie," akasema Bi Salome. Akatoa jarida la pili, la mkusanyaji. Huyo kayachukua maoni yale akayataja kama jambo lililopimwa. Wa tatu naye kamnukuu wa pili. Yaani aliyesema ni mmoja, tena kakaa, na sasa wanaonekana watatu wamesimama.

Nikamkumbuka yule kijana wa chuo aliyelala kwetu msimu mzima, akila makande ya mama, akipima maji ya ndiva kwa mti wenye alama. Yake si ndiyo ya kwenda na kupima? Bi Salome akatafuta mpaka akachoka. Haimo. Ilirudishwa na wahariri wa jarida, wakisema bwawa moja halitoshi. Kijana kaenda ng'ambo kusoma, vipimo viko sanduku gani sijui.

Nikavaa koti lako la harusi, lile nililosahau kukurudishia, nikaenda kwa mkubwa wa idara inayohamisha vijiji. Nilimfundisha aina za makala kama mwalimu mkuu. Alinisikiliza, kweli, hata chai alinipa.

"Ndugu, nimekuelewa," akasema. "Lakini mimi nina karatasi tatu. Wewe unayo ipi?"

"Mimi ninayo ndiva, mzee."

"Sasa ndiva nitaiweka kwenye faili gani?"

Nikatua kikombe vibaya, chai ikaruka kwenye koti.

Sipingi Ujamaa, kaka. Kadi ya chama ninayo, na msaragambo tulikuwa nao kabla redio haijafika milimani. Kinachoniua ni maharage. Nilimwambia mama apande, maji yapo na hatuhami mpaka mavuno, Elisaria kasema. Akapanda, na akina mama wenzake wakamfuata. Nikifagia namwona kainama shambani kwa ajili ya mdomo wangu. Nimezunguka kila mlango ninaoujua, na ninayoijua si mingi kama nilivyokuwa nawatambia. Mwambie wewe kwamba nimeshindwa. Mimi sina uso.

Shemeji, mkeo, mwambie koti lipo salama, lina doa dogo tu la chai. Mjomba anayelinda ndiva, mwambie zamu yangu ya kuzibua mfereji anishikie, hata kama ni ya mwisho. Na mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Malori ya kuwahamisha yakija kabla maharage hayajakauka, yachumeni mabichi, mle yote. Msiwaachie nyani.

Ni mimi mdogo wako,
Elisaria, Profesa wa ufagio