Ngobi Ibaki mu Sanduku

Mbarara, tarehe 4/2/2025

Mama mupenzi,

Salamu mingi. Mugongo unaendelea aje? Maharage yamepata mvua? Mimi niko hai, na mimba ya miezi sita inacheza vizuri. Barua hii atakuletea jirani yetu Élyse, juu mu chumba hiki cha hospitali ukiongea mu simu kila mugonjwa anasikia.

Mama, kile kivimbe mu titi hakikuwa maziwa. Bamekata nyama kidogo, bamepima: ni kansa. Munganga anasema kwa mwezi huu wa mimba ninaweza kuchomwa dawa bila kumuumiza sana mutoto, lakini nikingoja mpaka nizae, ugonjwa unaweza kuniua. Bwana yangu Régis analia tu. Mimi nataka kungoja. Naogopa kumupa mutoto sumu. Wewe unasema nini?

Unitumie na ile ngobi ya kubebea mutoto, ile ulinibebea mugongoni toka Uvira. Nataka kuishika tu.

Binti yako, Nabintu

Nakivale, tarehe 7/2/2025

Nabintu mwanangu,

Salamu yako imefika. Mugongo uuache, ni wa uzee. Maharage yanaota.

Barua nimeisoma mara ine. Ni mimi nilisema maziwa yamekuja mapema. Ni mimi nilikukanda na kitambaa cha maji moto mwezi muzima, nikakuambia kliniki ni kupoteza siku. Bamama betu bote bangesema vile, lakini hiyo hainipi usingizi. Unisamehe.

Sasa sikia. Kubali dawa. Huyo mutoto tutamupenda, lakini sijamuona bado. Wewe nakujua.

Ngobi situmi. Unajua desturi yetu: haitoki mu sanduku mbele mutoto azaliwe na alie, na wa kwanza kumufunga ndani ni mama yake mwenyewe. Usinibembeleze.

Mama yako

Mbarara, tarehe 22/4/2025

Mama,

Uko muzima? Unakula? Nimechelewa kuandika juu vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Dawa nimechomwa mara tatu. Nywele zimeisha zote. Régis anasema nafanana na marehemu baba, nikacheka mpaka muuguzi akakuja kuangalia. Mutoto anapiga mateke, mukaidi sawa wewe.

Kesho kutwa batanianzishia uchungu. Damu yangu ni kidogo, na munganga hakunificha: mutoto anaweza kupona, mimi nikabaki palepale. Sitaki kufa, Mama. Nakuandikia wewe juu mbele ya Régis siwezi kusema. Kama sirudi, umubebe mu ngobi wewe. Desturi itanisamehe.

Nabintu wako

Nakivale, tarehe 8/6/2025

Nabintu,

Umeamukaje? Kidonda fasi balikukata titi kimekauka? Élyse anasema sasa unaamuka unakaa na unakunywa uji mwenyewe, lakini dawa ingali inaendelea, na munganga hajataja siku ya kutoka.

Binti yako hajambo. Toka nitoke naye huko wiki mbili zilizopita, amenenepa. Anakunywa maziwa ya kopo, na akilia utasema amenyang'anywa shamba. Tunamuita Kadogo mpaka uje umupe jina.

Bamama ba kanisa bananiuliza juu ya nini namubeba mu kitenge cha sokoni na ngobi iko. Nimebajibu ni chafu. Nimebadanganya. Uliniambia nimubebe ndani yake kama haurudi. Jana alikataa kunyamaza, nikafungua sanduku, nikaigusa, nikafunga tena.

Iko pale. Kuja umufunge.

Mama yako, na Kadogo