Kinena cha Mzee Saidi

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nimechemsha sindano, nimepanga kadi, nimefagia maji ya mvua mlangoni. Dokta kafika saa nne. Miaka saba Ulaya, Kiswahili kimebaki cha mtoto. Mama mmoja kasema pia ya goti inamuuma. Dokta kacheka mpaka kashika meza. "Pia? Ile ya kuchezea?" Mjinga.

Jumanne, 8 Machi
Sasa ana daftari. Wakati wa chai anamsomea tajiri mwenye zahanati: kidakatonge, shavu la mguu, chembe cha moyo. "Eti kooni kuna mdaka matonge!" Tajiri naye kacheka. Siku hizi mwenye duka la vitenge anaruhusiwa kufungua zahanati, basi anacheka anavyotaka. Mimi nimemimina chai. Sikucheka.

Alhamisi, 10 Machi
Mzee Saidi wa Nakapanya, amefikia kwa bintiye hapa Majengo. Kaingia ameinama.
"Kinena, dokta. Tangu jana."
Hakuonyesha kwa mkono. Ataonyeshaje, na mimi mwanamke nimesimama pale? Kinena ni chini kabisa ya tumbo, kwenye mkunjo wa paja. Dokta hakujua. Kanitazama. Nikajitia kukunja pamba. Aulize kwa mdomo wake, mara moja tu, aseme sijui. Hakuuliza. Hakumpima. Kaandika tumbo, katoa vidonge vya gesi. Mzee kashukuru.
Nimerudi nyumbani nimefurahi.

Ijumaa, 11 Machi
Binti kaja mbio asubuhi. Baba yake anatapika, tumbo limevimba. Nikaenda mwenyewe, nikafunua shuka. Ngiri. Imebana, ngumu, ukubwa wa ngumi. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani hadi hospitali kubwa. Wamempasua mchana. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeoza, wamekikata.
Nimerudi zahanati. Dokta kauliza, "Kwani alisema anaumwa wapi?"
"Kinena."
"Ndiyo nini?"
Nikamwonyesha kwenye mwili wangu, juu ya gauni. Kakaa kitini.
"Nesi, ulijua?"
Nikaenda kupanga kadi. Namdharau bado. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Jumamosi, 12 Machi
Hospitali. Mzee ana homa kali. Binti hali, halali. Ananiita dada, ananishukuru kwa pikapu. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 13 Machi
Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 14 Machi
Homa imeshuka. Mzee kanywa uji vijiko vitatu. Binti katoka kufua shuka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.
"Shikamoo, baba."
"Marahaba."
"Baba, siku ile nilikuelewa. Nikanyamaza."
Kafuta uji mdomoni.
"Nilikuona, mwanangu."
Baadaye kaniomba nimgeuze, ubavu umechoka. Nikamgeuza polepole, nikamwekea mto mgongoni. Kalala.