Lipu Uliyoipiga kwenye Ngome ya Ibra

Baba yangu mpenzi,

Mnara umeanguka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda khabari mbaya ipambwe. Umeanguka msimu wa baridi uliofuata baada ya kukuzika, mvua kubwa ilipokatika na jua kurudi. Hakuumia mtu. Ami Nasor, binamu yako ambaye hajawahi kuhama Ibra, alinipigia simu nikiwa kazini Sur. Akaniuliza hali, akaulizia watoto, akamuulizia Mama, akawaulizia tena watoto, mpaka nikajua kuna jambo. Kisha akasema mnara umekwisha: "Buruji ya baba yako, binti yangu, khalas." Alisema ya baba yako. Maneno hayo uliyangoja tangu utoke Unguja uhamie nchi hii ya wazee wako, na yamekuja wakati huna masikio ya kuyasikia.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukifundisha jiografia Nizwa, na kila Alhamisi asubuhi, wikendi ya siku zile, ukitupakia garini: mifuko ya simenti nyuma, Mama mbele na birika lake la chai ya tangawizi, mimi nimebanwa na ndoo. Njia nzima ukinisimulia ngome ya wazee wako kama ulikuwepo siku ya kwanza ya ujenzi. Kuta za matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, sebule yenye vidaka vya kuwekea taa na misahafu, na mnara wa kuangalia nani anakuja kutoka upande wa wadi, lile bonde la mto mkavu. Wenyewe wakaenda Unguja kufanya biashara, wakaoa, wakasahau kurudi. Wewe ulizaliwa huko huko. Ngome uliijua kwa mdomo wa babu yako tu, na ulipofika utu uzima na kuiona kwa macho, dari zilikuwa zimeshuka na mbuzi wamelala sebuleni. Mama anasema ulitoka nje ukajifanya una vumbi jichoni.

Ukaanza kuipiga lipu ya simenti. Hukutaka fundi. Ulinunua mwiko wako mwenyewe, ukafunga kitambaa kichwani, na tangu hapo hatukuyajua tena mapumziko ya Ijumaa.

"Mvua itaila hii," ulikuwa ukisema. "Udongo mtupu haudumu, mwanangu. Mie nimeona kwa macho yangu masika yakiangusha nyumba mtaani kwetu Unguja, na wenyewe wamo ndani."

Ami Nasor alikuwa anakuja na kahawa, anakaa kivulini, anakutazama. "Ya Saidi, huku mvua ikija tunatoka nje na watoto kuifurahia. Wewe waikimbilia wapi?"

"Na nyie mliokaa nayo miaka yote, mmeifanyia nini hii nyumba?"

Ami akajimiminia kahawa nyingine. Majirani walikuwa wakipita na kukuita Mzinjibari, mtu wa kuja kutoka Unguja, kwa kucheka, bila ubaya, lakini mimi nilikuwa nikiona bega lako linavyokaza kila wakilitaja neno hilo. Siku kama hiyo ulikuwa ukichanganya simenti nyingi zaidi. Mama naye hakukuacha: "Mwalimu mzima, lipu imepinda kama mwandiko wa darasa la kwanza!" Ulicheka, ukaendelea kupindisha.

Mwaka huu, Baba, kazi ilinipeleka Japani kwa mafunzo. Siku ya mapumziko, mwenzangu mmoja wa huko, mama wa makamo mwenye mwendo wa haraka, akasema atanionesha ngome ya mji wao. Tulipanda kilima mpaka magoti yakaniuma. Nilikuwa nangoja kuyaona yale mapaa ya kwenye picha, yaliyopandana na kuchongoka. Tulipofika juu nikakuta nyasi, kuta za mawe zilizoota kuvu, na wazee wawili wameinama wanang'oa magugu.

"Ngome iko wapi?" nikamuuliza.

"Umesimama juu yake."

Akanieleza. Palikuwa na jumba la mbao, ghorofa juu ya ghorofa, na bwana aliyeutawala mji akiwa humo. Utawala ulipobadilika, ikaja amri ngome zivunjwe. Mbao zikauzwa, vigae vikachukuliwa na waliokuwa na mapaa yanayovuja. Mawe yakabaki. Watu wa mji wamewahi kushauriwa wajenge jumba jipya la zege, lenye lifti ndani, wakakataa. Wanasafisha haya yaliyobaki, basi. Nikapitisha vidole kwenye ukuta, nikaona hauna chokaa wala simenti, mawe yamekaliana yenyewe tu. Nyuma yake, akasema, pamejazwa kokoto ili maji ya mvua yapate njia ya kutokea. Maji yakikosa njia, ukuta unavimba, halafu unaanguka.

Nilikaa chini pale pale, akadhani nimechoka. Kazi yangu mimi ni kukagua mabomba ya gesi, Baba, na jambo hili nalijua kuliko jina langu. Bomba linalooza ni lile lililofunikwa vizuri. Unyevu ukishaingia chini ya kifuniko hauna pa kwenda, unakula chuma polepole, na nje kunang'aa. Nikakuona wewe na mwiko wako, na kitambaa chako kichwani. Nililia mbele ya mama wa watu, naye maskini hajui kosa lake nini.

Niliporudi nilikwenda Ibra kabla ya kufungua mizigo. Pale mnara ulipokatika, lipu yako ilikuwa bado imesimama, nyembamba kama ganda la yai, na nyuma yake udongo umekuwa unga. Unyevu wa falaji, mfereji wa maji ya mashamba, ulikuwa ukipanda kutoka chini siku zote, tangu enzi za wazee, na ukuta ukiutoa nje kwa jua. Sisi tukauziba. Mvua uliyoiogopa haikuwa ya huku, Baba. Ulikuja nayo kutoka Unguja.

Najuta. Najuta kwamba uliipenda nyumba ile kwa namna iliyoiua, na najuta kwamba hapana hata mmoja wetu aliyejua, hata Ami Nasor, ambaye hiyo hiyo simenti ameipiga ukumbini kwake. Zaidi najuta kwamba siwezi kukuuliza lililonipa kazi kubwa kuliko yote. Ilibaki sebule, na kuta zake nazo zimeshaanza kutoa tumbo. Jamaa walikutana, wengine wakataka tubomoe kila kitu tujenge mnara mpya wa matofali ya simenti, mzuri kwa picha. Ami akasema shauri liwe langu, kwa kuwa mwenye jasho pale ni baba yangu. Nikawaambia tuvue lipu yote, tukande udongo na majani makavu kama walivyofanya wa kwanza.

Nimekuwa nikienda kila Ijumaa na nyundo na tindo. Chini ya lipu yako nimekuta udongo wa wazee umelowa, mweusi, na michirizi ya vidole vyao imo. Kufika alasiri ulikuwa umeshapauka kwa jua. Nilifurahi, na kufurahi kwenyewe kukaniuma.

Ukuta wa vidaka ndio ulionishinda. Ule wa lipu iliyopinda, ambapo wewe ulinishika mkono ukanifundisha kuusawazisha, na mwenyewe hukujua kuusawazisha. Niliweka tindo, nikaliondoa, nikaliweka tena. Mama alikuwa amekaa mkekani anamenya machungwa.

"Vua, mwanangu," akasema. "Marehemu alikuwa anaitaka nyumba. Hakuwa anaitaka simenti."

Mungu akurehemu, Baba, na akupe makao yasiyotaka kukarabatiwa. Nakuomba radhi kwa nililolifanya, na najua ungeteta kwanza kabla ya kunipa. Nimevua yote. Nyumbani kwenu Ibra sasa hakuna alama hata moja ya mkono wako, na ukuta umesimama.

Ni mimi bintiyo,
mshika ndoo wako