Mwana Aliyeitwa Kibarua

Mwandiga, Jumapili

Mwanangu mpendwa Leonia,

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba jambo likijulikana mtaa mzima, mahakama nayo inalijua. Unisamehe kuanza na somo kabla ya salamu, ualimu haujanitoka. Hujambo, mama? Kile kikohozi kinakuacha ulale? Na huyo Shadia anayekusaidia kushona dukani hajambo? Mimi nipo. Goti linanisumbua nikienda shambani kwenye michikichi, ila mawese ya mwaka huu ni mazuri na nimekuwekea dumu lako.

Uliniuliza kwenye simu mirathi ya baba yako mdogo Wilfred imeishaje, nikasema nitakuandikia. Imeisha vibaya.

Unajua kwamba Wilfred alipomwoa Astérie, mama huyo alikuja na watoto wawili kutoka Burundi: Protais, na Armelle akiwa bado mgongoni. Wilfred aliwalea, akawasomesha, na siku ya kumzika Astérie walisimama kaburini wamemshika mikono. Mtaa mzima wa Katonga ulimwita Baba Protais. Nilimsihi aandike wosia, kwa kuwa mtoto wa kulea asiyeasiliwa kwa amri ya mahakama hahesabiwi mrithi, hata kama umemlea tangu ananyonya. Alinicheka. Akasema mimi hata nikipiga chafya nataka muhuri.

Alipofariki, kikao cha ukoo kilimchagua baba yako mkubwa Adolf kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Lakini warithi ni nani? Protais aliposimama kujitaja, Adolf akamuuliza kwa kejeli tangu lini urithi ukamfuata aliyekula ugali mwingi. Akasema huyo alikuwa kibarua wa mtumbwi wa Wilfred wa kuvulia. Shangazi yako Yunisi alimfokea mbele ya watu kwamba angeona haya, kwa kuwa kibarua huyo ndiye aliyemwogesha Wilfred alipokuwa hajiwezi. Adolf akamjibu kwamba shukrani haziandikwi kwenye hati ya nyumba.

Mahakamani hakimu alisikiliza kwa upole, kisha akaomba amri ya kuasili au wosia. Hakukuwa na kimojawapo. Kwa uchungu Protais akasema, basi kama alikuwa kibarua, alipwe ujira wa miaka yote aliyovua na kuziba nyufa za mtumbwi ule. Hapo Adolf akageuka, akasema mtoto halipwi na baba yake. Umeona, mwanangu? Kwenye mali alikuwa kibarua, kwenye ujira akawa mtoto. Wilfred hakuwahi kumwandikia mkataba wala kumchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Alidhani kumwandikia ni kumfanya mtu baki.

Nyumba iliuzwa ili igawanywe, na mtumbwi Adolf aliuchukua kuwa fungu lake. Mimi na Yunisi mafungu yetu tumewaachia Protais na Armelle, nao wamepanga chumba. Juzi nilikwenda Kibirizi kununua dagaa, nikamkuta Protais anashusha magunia kutoka kwenye mtumbwi uleule. Alinipa shikamoo, akainama, akabeba.

Sasa soma taratibu. Tulipotoka kikaoni Adolf alinifuata, akaninong'oneza kwamba nisijifanye mtetezi, maana nyumbani kwangu pia kuna suala kama hilo. Afadhali ulisikie kwangu. Leonia, mimi na marehemu mama yako Recho hatukukuzaa. Mwaka ule watu walipokimbia vita Burundi, mwanamke aliyeitwa Inamahoro alijifungua kwenye zahanati alikofanya kazi Recho, akafariki kabla hajakupa jina. Recho alikuja nawe nyumbani umefungwa kwenye khanga yake. Hatukwenda ofisi yoyote, tuliogopa utachukuliwa. Kaburi lile ulilokuwa ukilipalilia nami utotoni, nikikwambia ni la jamaa yetu, ndilo lake.

Wewe ni mtu mzima sasa, kwa hiyo nimefanya kilichobaki: nimeandika wosia. Nyumba hii na michikichi ni vyako. Wameshuhudia binamu yangu Samson na katekista, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, wote hawarithi chochote, na wosia wenyewe umehifadhiwa kwa wakili. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunikasirikia, nitakuelewa. Ila uje. Tutakwenda pamoja kaburini.

Jirani yetu Hamdani na wa nyumbani kwake wanakusalimu, na Armelle anasema hajasahau gauni ulilomshonea.

Jambo moja nakuomba. Huyo Shadia unamwita mdogo wako, unamlisha, unamvisha, na hujawahi kumlipa mshahara. Leo, kabla hujafunga duka, mwandikie mkataba.

Ni mimi baba yako,
Elikana