Kompyuta Imesema Mama Mkwe Ni Mzima

Mama Godeberthe, mshauri wetu, unisamehe kuchelewa, neno hili linanichoma tangu tulipopanda maharage na sasa tumeshavuna. Ninamwogesha mama mkwe, ninamlisha, mtoto mchanga mgongoni, naye anaambia majirani kwamba ninamwibia vitenge, kumbe anavificha mwenyewe ndani ya gunia la makaa na kusahau. Wifi yangu Nathalie, anayekaa Mbarara, akija mara moja kwa mwezi na sabuni ya harufu, mama anamshika mikono: “Huyu njo mutoto. Ule mwingine ni mwizi.”

Nathalie akampeleka mama Mbarara kupigwa picha ya ubongo, na huko kuna kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi kutambua ugonjwa wa kusahau, ikasema ubongo ni wa kawaida kwa mtu wa miaka themanini na mbili. Akarudi akiniangalia: “Wifi, mashine haina chuki na mutu. Kama mama haiko mugonjwa, bitenge biko fasi gani?” Mume wangu Appolinaire sasa anataka nirudi kwanza kwa kaka yangu.

Wivu unanila, mama, sikufichi. Tena kuna jingine: kwa kweli mama mkwe ana miaka sitini na sita. Siku ya kuandikishwa ukimbizi kule Kabazana mimi ndiye niliyejibu, nikamwongezea miaka kumi na sita kwenye kadi ili tupitishwe na wazee, tusisimame mstari mrefu. Nikisema leo, Nathalie ataniita mwongo juu ya kuniita mwizi. Nifanye nini?

Mama Joël, Nakivale

*

Mama Joël, pole, kazi yako ni nzito. Lakini umekalia dawa huku unalia maumivu. Ubongo hupungua na umri. Kompyuta ilimlinganisha mama na vikongwe; kilicho kawaida kwao, kwa mtu wa sitini na sita huenda ni ugonjwa. Mashine haikukuonea, ilidanganywa. Na picha peke yake haitoshi: daktari lazima amsikie anayeishi na mgonjwa, yaani wewe.

Huo wivu nao, uelewe. Nathalie anasifiwa kwa sababu hamwogeshi. Anayeogeshwa humchukia mwenye maji.

Mwambie Appolinaire leo, kwa kinywa chako. Nendeni wote wawili kwa daktari, mtaje umri wa kweli na mambo ya vitenge, kisha mkarekebishe kadi yake ya ukimbizi. Halafu mwandikie wifi yako bila matusi. Kutoka Mbarara bado unahitaji kuletewa: picha yenyewe ya ubongo, karatasi ya majibu, jina la daktari aliyeisoma, na Nathalie mwenyewe, kwa majuma mawili, alale chumba kimoja na mama yake.